Saa ya Jikoni na Ndege ya Bibi

Jumamosi hiyo Vaitea alifagia uwanja, akawamwagia kuku mahindi, kisha akaketi jikoni kunywa chai kwa maringo. Na kwa nini asiringe? Ana miaka kumi na miwili tu, na ukoo mzima pale kijijini Hanga Roa unafuata hesabu yake!

Bibi Analola alikuwa anarudi kisiwani kutoka jiji la Santiago, huko bara, alikotibiwa macho kwa miezi minne. Alishaonya kwenye simu: "Nataka kuona nyuso zenu, na kuvishwa maua mabichi. Nikikuta mlango mtupu, napanda ndege ileile nirudi!"

Maua yakichumwa mapema hunyauka. Ndiyo maana Shangazi Heremeta, mtunga mashada, alitaka kujua saa kamili. Vaitea aligawa kilometa 3,740 kwa 680 kila saa, maana ndege ya kuja hupigwa na upepo usoni. Akapata saa tano na nusu. Inaondoka saa mbili asubuhi, basi itatua saa saba na nusu mchana.

"Hakikisha tena," alikuwa amemwambia binamu yake, Matahi.

"Hakikisha wewe, unayehesabu kwa vidole vya miguu!"

Sasa, katikati ya chai, redio ikatangaza: "Ni saa nne na nusu hapa kisiwani."

Vaitea akatazama saa ya ukutani. Saa sita na nusu! Akakiweka kikombe chini. Saa ile mama aliiweka kwa majira ya Santiago, yaliyo mbele kwa saa mbili, asije akampigia simu Bibi akiwa amelala. Na ile saa mbili ya ndege kuondoka nayo ilikuwa ya Santiago. Kumbe Bibi anatua saa tano na nusu! Imebaki saa moja.

Wazo likamjia: nyamaza, utasema ndege iliwahi. Likavuta kiti kabisa, likataka kumiminiwa chai. Vaitea akaliacha hapo hapo, akatoka mbio.

"Shangazi! Nimekosea! Nilisahau kutoa zile saa mbili za tofauti na Santiago!"

Matahi akacheka. "Mtaalamu wetu! Nikuazime vidole vyangu vya miguu?"

"Niazime vya mikono, tuchume maua!"

Wakachuma wote. Shangazi akatunga uani, akatunga ndani ya gari, na Vaitea akaendelea kwa sindano hadi kwenye mlango wa kutokea abiria, pale uwanja wa ndege.

Bibi akatokea, akamtazama kila mmoja taratibu, macho yakimeremeta. Vaitea akamvisha shada.

"Mbona hili lina mkia?" Bibi akauliza, akiinua uzi mtupu uliokuwa bado unaning'iniza sindano. "Mnataka kunitoboa baada ya kunitibu?"

Vaitea akamweleza yote, hata lile wazo lililovuta kiti.

Bibi akamkumbatia. "Kugawa umegawa vizuri, mjukuu wangu. Kosa lako ni kukataa kuhakikisha ulipoambiwa. Lakini uliposema ukweli mapema, mkono wa kila mtu ulipata nafasi ya kusaidia. Ungenyamaza, saa hizi ningekuwa naangalia masanduku ya watu."

Kisha akamkabidhi sindano. "Haya, nimalizie mkia wangu."