Boti Haziruhusiwi

Jioni ile Ba alinituma maji.

Ba ni mama yangu. Ndivyo tunavyoita mama sisi Wagujarati. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, mgongo ukutani, na mbele yake kikombe cha stili cha mdogo wangu Bhavin. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri. Pampu haikufanya kazi, kwa hiyo sisi wa ghorofa ya tatu tulilazimika kushuka na ndoo hadi kwenye tangi lililo chini ya ngazi.

"Chota ya juu juu," Ba alisema. "Usiyatibue. Utamchosha."

Sikuuliza nitamchosha nani. Nilijua.

Bhavin alizama Jumapili moja kwenye bwawa la Mkwezu, akiwa na miaka kumi na tisa. Lile ni bwawa la maji ya kunywa. Mabomba yetu ya Mchafukoge, ya Kariakoo, ya Msimbazi, yote yanatoka huko. Ukingoni kulikuwa na bango la zamani lililobabuka rangi: BOTI HAZIRUHUSIWI. MAJI HAYA NI YA KUNYWA. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Kila mtu akafungua biashara, na mmoja akafungua ya boti za kukodi, mbele ya bango lenyewe. Nyama choma, bia za kopo, spika kubwa kama makabati. Vijana wa mjini wakawa hawakosi Jumapili. Boti ya akina Bhavin ilipinduka katikati ya bwawa. Wenzake waling'ang'ania ubavu wake mpaka wakaokolewa.

Yeye aliteleza.

Walimtafuta kwa boti za injini. Kisha ofisa mmoja akaja kutuambia basi. Injini zilikuwa zinamwaga mafuta, na amri ya zamani imerudishwa: hakuna chombo kitakachogusa maji yale tena, hata cha kutafuta maiti.

"Naomba unielewe, mama," alimwambia Ba. "Mji mzima unakunywa hapa."

Ba alimkazia macho.

"Na mwanangu yumo," akasema.

Nadhani ndipo lile wazo lilipomwingia.

Nyumbani kwetu, baada ya msiba, maji huwekwa karibu na mlango ili roho ikija na kiu inywe. Asubuhi huwa yamepungua kidogo. Ni joto tu. Nilisoma kemia Mlimani, najua maji yanavyopotea hewani. Lakini maji ya Bhavin hayakupungua. Nilikwangua alama ndani ya kikombe kwa ncha ya sindano, kwa siri, sawasawa na pale maji yalipofika. Kesho yake alama ilikuwa chini ya maji.

Kikombe cha mtu aliyezama kilikuwa kinajaa.

Kisha Ba akaanza kuyanywa. Kwanza kikombe. Halafu jagi. Halafu alikunywa kwenye ndoo kwa kata, polepole, amefumba macho, kama mtu anayebusu utosi wa mtoto mchanga. Akitapika, anasukutua mdomo, anaanza upya. Daktari alinivuta kando akaniambia kwamba maji mengi namna ile yanazimua chumvi ya damu na kuvimbisha ubongo.

"Asipoacha atakufa, binti. Sikutishi."

Nilifunga koki kuu. Ba akanywa maji ya chombo cha maua. Nilimsihi akubali kuhani achome sanamu ya unga, kama inavyofanywa mwili usipopatikana, ili Bhavin aage na aende zake. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nichome unga niseme ni mwanangu? Mwanangu anakuja nyumbani kila siku, Nirali. Anapita kwenye bomba. Nimfukuze kwa nini?"

Baba, Tulsidas, tangu msiba alikuwa akibaki dukani akipanga upya vitambaa vilivyokwisha pangwa.

Basi nikashuka na ndoo.

Chini nilimkuta Josepha, Mchaga wa Machame mwenye duka la ndoo na mabeseni, anaingiza bidhaa zake ndani. Barabara ilikuwa imeanza kutulia. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha.

"We Nirali! Unapita mbele ya duka langu na ndoo yenye ufa? Unaniharibia soko."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama bado anakunywa?"

"Bado."

Akaacha utani. Akanishika bega, akarudi kwenye mabeseni yake.

Chini ya ngazi kulikuwa na giza. Nilisukuma mfuniko wa chuma. Harufu ikanipiga usoni. Mwani. Petroli. Na harufu nyingine nyembamba… mafuta ya nywele ya amla, yale ya kijani, ambayo Bhavin aliyapaka mpaka mito yote ya nyumbani ikawa na madoa.

Nikasimama na kamba ya ndoo mkononi.

Tok.

Ni mabomba, nikajiambia. Maji ya mgao yakirudi yanasukuma hewa, na hewa inagonga.

Tok… tok…

Haikuwa zamu yetu ya mgao. Na ile haikuwa sauti ya chuma. Ilikuwa mbao inayogonga saruji, taratibu, kama ubavu wa boti iliyofungwa kamba mahali penye mawimbi.

"Ben…"

Ben ni dada. Mtu mmoja tu duniani aliniita hivyo.

Nikainama juu ya tangi.

"Ben… leteni boti."

"Bhavin?"

Maji yakacheza gizani. Kisha ile sauti, karibu zaidi, ya mtoto anayejizuia kulia:

"Nimechoka kuogelea."

Bhavin hakujua kuogelea.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa ndani ya duka la Josepha, naye ananinong'oneza sikioni, "Sema polepole. Amekuomba nini?"

"Boti."

"Basi mpe."

"Boti haziruhusiwi," nikasema.

Josepha akanikazia macho. Ndipo nikasikia nilichosema. Hata pale bado nilikuwa nalitii lile bango.

"Sikiliza," akasema. "Kwetu mtu akipotea bila mwili, tunazika mgomba badala yake. Mwenyewe anakuja kulala humo. Maiti inachoka, Nirali. Inachoka kama mimi na wewe. Inataka pa kuweka mgongo."

Akatoka uani, ambako wauza ndizi wa jirani hutupa vipande vya mgomba walivyokazia mikungu kwenye lori. Akarudi na kimoja kirefu kama mkono wangu. Akakichimba katikati kwa kisu chake cha kukatia kamba. Utomvu ukamchuruzika vidoleni.

"Hii nayo inataka taa," akasema. "Asije akapanda upande usiofaa."

Nilipanda juu kuchukua kitaa kidogo cha samli kwenye kijimadhabahu chetu. Ba alikuwa palepale.

"Maji yako wapi?"

"Yanakuja, Ba."

Alitazama kitaa mkononi mwangu. Akakivuta kikombe kifuani.

Tulipofika chini ya ngazi, Josepha alishika mfuniko kwa mikono yote miwili, akaanza kusali Baba Yetu kwa Kichaga, midomo tu ikicheza. Nilipiga magoti. Nikakiteremsha kile kiboti juu ya maji, na kitaa kikiwaka katikati yake.

Kikatulia.

Maji yalikuwa yametulia pia, kama kioo cha dirisha.

Kisha kiboti kikaanza kwenda.

Tangi lile halizidi chumba cha kulala. Nimeliona likisafishwa. Kuta zake nazijua, ule ufa wa kona nao naujua. Lakini mwanga ulikwenda… ukaenda… ukapita pale ambapo ukuta ulipaswa kuwa, ukazidi kuwa mdogo, mpaka nikahisi upepo usoni. Upepo wa mahali pa wazi.

"Yesu wangu," Josepha akanong'ona.

Mwanga ukasimama. Ukashuka kidogo, ukayumba kulia, kushoto… kama boti inavyofanya mtu akipanda. Nikasikia maji yakichuruzika kutoka kwenye nguo. Nikasikia mtu anashusha pumzi ndefu.

Lo, ile pumzi. Sijawahi kusikia kitu kilichopumzika vile.

"Ben." Sauti ilikuwa ya mbali sasa. "Ba amesema niende?"

Josepha akaniangalia. Nilijua kwamba nikinyamaza hataenda. Nilijua pia kule juu kuna mwanamke mwenye mikono iliyovimba hata bangili hazivuki kifundo.

"Ndiyo," nikasema. "Amesema nenda."

"Sijasema."

Ba alikuwa nyuma yetu, kwenye ngazi ya mwisho, pekupeku, kikombe kifuani. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Bhavin, sijasema. Dada yako kadanganya. Rudi, mwanangu. Rudi, sijasema…"

Ule mwanga, kule mbali, ukageuka. Taratibu. Kama mtu aliyegeuza shingo kuangalia nyuma.

Ukazimika.

Dakika ile ile umeme ukarudi. Balbu ya ngazi ikawaka na pampu ikaanza kunguruma. Nikaona kuta za tangi, karibu kabisa, na ufa wake wa kona. Kiboti hakikuwepo.

Asubuhi tulimwita Onesphory, fundi bomba, akalikausha tangi lote. Bomba la kutokea lilikuwa la kuingia vidole viwili. Chini alikuta matope kidogo na sarafu.

"Mgomba ukiloa unazama, unaoza," alisema.

"Kwa usiku mmoja?" Josepha akamuuliza. "Na kitaa cha udongo nacho kimeoza?"

Onesphory alikusanya vifaa vyake, akasema ana kazi nyingine Ilala.

Ba alikinga kikombe kwenye bomba letu. Akaonja. Akasubiri. Akaonja tena.

"Ni maji tu," akasema.

Kisha akalia. Hakuwa amelia tangu ile Jumapili, na sasa alilia kwa sauti ambayo majirani waliizungumzia kwa siku nyingi. Nilimshika nikamshukuru Mungu. Jioni alikula wali kidogo na dengu. Uvimbe ukaanza kushuka. Daktari akaniambia nimefanya vizuri, hakuuliza nimefanya nini. Baba akarudi nyumbani kabla ya giza.

Nililala usingizi, jamani. Nilifikiri yamekwisha.

Ba akaanza kutoka.

Alitoka jioni, sari nyeupe ya msiba ikiburuzika chini, na mimi nyuma yake na kandambili zake mkononi. Alisimama kwenye kila bomba. Bomba la hoteli ya chai. Bomba la gereji. Bomba la kutawadhia nje ya msikiti, mpaka wazee wakaniuliza kwa upole kama mgonjwa ana daktari. Kote alikinga kiganja, akaonja tone moja, akatikisa kichwa.

"Siye."

Na bomba lingine.

"Siye."

Muuza maji mmoja wa mkokoteni pale Kariakoo alimcheka. "Mama, unachagua ladha? Yote ya bwawa moja hayo!"

Ba alimgeukia kwa heshima kubwa. "Najua," akamwambia. "Ndiyo maana natafuta."

Nilijua lazima nimzuie. Lakini alikuwa anaonja tu, hanywi. Na kila aliposema "siye", nami nilipumua.

Jana tulifika Msimbazi, kwenye ua wa nyumba moja ya kupanga. Mpangaji mmoja, dada aitwaye Sabaha, alikuwa anaosha vyombo. Alituona, akasogeza sufuria zake.

"Karibuni. Mwache mama anywe, maji hayanyimwi mtu."

Ba akakinga kiganja. Akaonja.

Nikasubiri neno lake.

Hakulisema.

Alinigeukia, na uso wake ulikuwa uso wa zamani, wa siku ambazo sote wanne tulikuwa tunakula meza moja. Kisha akainama, akaweka mdomo kwenye bomba.

"Ba," nikamwita. "Ba, basi."

Alikunywa. Maji yalimtiririka kidevuni, shingoni, kwenye sari. Nikamvuta bega, hakusogea. Nikaishika koki nikaikaza mpaka kiganja kikachubuka. Sabaha akaja kunisaidia.

Maji yakakatika. Hata tone.

Ba alibaki ameinama, mdomo kwenye bomba kavu, amefumba macho.

Na koo lake liliendelea kumeza.