Barua ya Tatu ya Wino wa Kijani

Posta ilijaa hadi mlangoni, na Rukiah, katika gauni lake jipya la zambarau, alikuwa amechoka kusimama.

"Pita mbele yangu, dada," alisema kijana mwenye futi ya kupimia shingoni. "Mrembo hapangi foleni."

"Mafundi wa nguo ndio waongo wa mji huu," Rukiah akamjibu, lakini akacheka. Kijana aliitwa Mumbere, zamani mwalimu kule Beni, ng'ambo ya mpaka, sasa anashona nguo mtaa wa Kabalagala. Wakataniana hadi dirishani, na moyo wa Rukiah ukaanza kumsaliti mapema kabisa.

Mumbere akatumbukiza bahasha yake. Imeandikwa kwa wino wa kijani.

Jamani, wino ule Rukiah aliujua. Barua mbili za namna hiyo zilishafika kazini kwake, kwenye redio ya askari, zikidai msomaji wa habari anakiua Kiswahili. Msomaji ni yeye. Afande msimamizi alishasema: ikija ya tatu, kiti anapewa mwingine.

"Kumbe ni wewe unayetaka nifukuzwe redioni," alisema, akatoka bila hata stempu.

Kesho yake Mumbere akapiga simu redioni. "Rukiah, mpenzi, nisamehe. Sikujua."

"Mpenzi wa nani? Mimi nasoma nilichoandikiwa, bwana. Afande anaandika, na ole wake atakayegusa hata nukta. Nenda ukamsahihishe yeye, tukuone."

Rukiah akakata simu.

Jumatatu Afande akamwita. Mezani palikuwa na barua mbili za kijani. Rukiah akaanza kuaga kazi moyoni.

"Hii ya tatu inalalamika," Afande alisema. "Hii ya nne imeletwa leo kwa mkono. Mwandishi anafuta malalamiko yote. Redio yake ilikuwa mbovu, sasa imetengenezwa." Akacheka. "Mjinga kweli huyu. Rudi kazini."

Mwalimu mzima amekubali kuitwa mjinga kwa ajili yake. Rukiah alitaka kulia na kumzaba kofi kwa pamoja. Jioni akaisoma taarifa ya Afande na makosa yake yote, halafu akapiga simu Kabalagala.

"Umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Na Kiswahili?"

"Kitamu," alisema Mumbere, kama mtu anayemeza kwinini.

"Basi Jumapili lete wazee wako kwetu Kisugu, mkaongee na Bibi yangu."

"Na habari ya dini? Mimi Mkristo."

"Hiyo Bibi atakuchosha nayo mwenyewe. Ila kalamu yako, tafadhali, iache nyumbani."