Mahudhurio Chini ya Kuba

Jua la Juni lilikuwa limeshazama nyuma ya Milima ya Maluti pale Dineo Lephoto aliporudi kwenye ukumbi wa nyota wa chuo, kuchukua mitihani aliyoisahau mezani. Kazi ya dakika mbili.

Ukumbi ule wa kuba, ambako projekta hurusha nyota darini, ulikuwa darasa lake tangu Machi, Ntate Ramaqele, mzee aliyefundisha hapo kabla yake, alipofukuzwa kwa kuwasumbua wasichana. Dineo ndiye aliyetoa ushahidi. Wanafunzi walimpenda mzee yule. Walimwita Dineo msaliti, wakamzomea, na mmoja akamwambia waziwazi kwamba pale hana darasa, amelishikia tu. Ramaqele mwenyewe, siku anakabidhi ufunguo, hakupaza sauti.

"Mwanangu, kiti changu hutakikalia peke yako."

Dineo akaingia. Akabonyeza swichi. Taa hazikuwaka.

Mlango ukajifunga nyuma yake, taratibu, kama unaosindikizwa kwa mkono.

Projekta ikanguruma. Nyota zikajaa kwenye kuba. Harufu ya udongo mbichi ikapanda, udongo wa kaburi lililochimbwa asubuhi...

Mtu akakohoa mbele, pale mezani.

"Tunaanza mahudhurio," ikanong'ona sauti ya Ramaqele.

Ikaita jina la mwanafunzi wa kwanza. Kutoka kwenye viti vitupu, sauti ikajibu: "Nipo." Nyota moja ikazimika. Jina la pili. "Nipo." Ikazimika nyingine. Dineo alizitambua sauti zile. Ndizo zilizomzomea mchana. Akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mlango. Kitasa kilikuwa baridi, kimelowa. Hakikugeuka.

Ikabaki nyota moja.

"Lephoto, Dineo."

Bibi yake alimfundisha utotoni: ukiitwa gizani na usiyemwona, usiitike. Akaziba mdomo kwa viganja viwili. Machozi yakampenya vidoleni.

"Dineo..."

Akavikaza viganja.

Kiti cha safu ya pili kikatoa mlio. Mtu alikuwa anajiweka sawa.

"Nipo, Ntate."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Mlango ukaachia, akaanguka nje. Alikimbia hadi kwa Sello, mlinzi wa getini, mtu mzima asiye na maneno mengi. Sello alikwenda na tochi, akaukuta ukumbi umefungwa kwa ufunguo. Aliporudi akamwambia kwamba Ramaqele amekufa adhuhuri ile. Habari ilikuwa imeshafika getini. Dineo akamuuliza kama maiti inaweza kuita majina.

Sello hakumtazama.

"Maiti haihitaji majina, dada yangu. Anayeita majina anatafuta wa kumtuma."

Kulipopambazuka Dineo aliandika barua ya kuacha kazi. Saa nne akaipeleka kwa Mme Puleng, katibu wa idara. Yule mama aliitazama bahasha, kisha akamkazia macho.

"Unanichezea? Saa mbili ulisimama hapohapo, ukaniambia ukileta barua nisiipokee."

Dineo akasema kwa shida kwamba asubuhi ile hakufika pale kabisa.

"Na ulisema utakana," Mme Puleng akamjibu, akaisukuma bahasha mpaka ukingoni mwa meza.

Ng'ambo ya uwanja, ndani ya ukumbi wa nyota, wanafunzi walikuwa wakimpigia mwalimu wao makofi, na sauti iliyowashukuru ilikuwa ya Dineo.