Mkono wa Kushoto wa Ghati

Novemba ya mwaka 2007, jioni, niliegesha gari mbele ya nyumba ya Bi Peterson kule Bowie. Huku Maryland mwezi huo giza huingia mapema bila adabu. Nilishusha ndoo, matambara, chupa za siki, malimao na mfuko wa magadi. Ufunguo ulikuwa chini ya chungu cha maua, pale pale anapouacha siku zote. Bi Peterson alikuwa akitarajia wageni wa sikukuu ya Thanksgiving, akataka nyumba ing'ae kabla hawajafika.

Niliingia peke yangu. Nilikuwa bado sijazoea.

Kazi hii tuliianza wawili, mimi na shoga yangu Ghati. Mimi Mwatumu wa Tanga, yeye Mkurya wa Tarime. Tulijuana Silver Spring, katika duka la vyakula vya kwetu, tukigombea mfuko wa mwisho wa sembe. Tuligombana kwa sauti mpaka mwenye duka akatutoa nje, na hapo nje tukaugawana. Wakati huo Ghati alikuwa anasafisha hoteli, na jiki pamoja na yale madawa ya vyoo yalikuwa yamekwisha kumharibu kifua. Siku moja akaniambia, "Mwatumu, haya ma-chemical yataniua. Kwani mama zetu walisafisha kwa nini? Si ndimu na majivu?"

Basi tukaanza yetu. Siki, limao, magadi, maji ya moto, na magazeti ya zamani ya kufutia vioo. Wazungu wakatupenda, hasa wenye watoto wadogo. Ghati alianzia juu, mimi chini, tunakutana kwenye ngazi, na anayechelewa anachekwa. Karibu kila siku aliyechekwa ni mimi.

Ghati alifariki Septemba ile. Kifua hicho hicho.

Bibi yangu alikuwa muosha maiti, na alinifundisha kazi yake nikiwa msichana. Kwetu mtu huoshwa na watu wake, kwa mikono inayomjua. Ghati alikuwa Mkristo, najua, lakini nilimwomba mchungaji: niacheni nimwoshe hata uso. Akaniambia kwa upole kwamba haiwezekani. Mwili unasafiri mpaka Tarime, lazima utiwe dawa, na wenye kazi yao wameshaanza. Hakuna aliyekosea. Watu walichanga kwa moyo mmoja, Watanzania, Wakenya, Wakongo, ili Ghati alale kwao.

Ila siku ya kumuaga niliinama juu ya jeneza, harufu ikanipiga puani. Dawa. Kali, ya kuchoma koo. Mwanamke aliyekimbia madawa hadi akaacha kazi, walikuwa wamemjaza madawa mpaka kwenye mishipa. Nilitaka kupiga kelele. Nikanyamaza kwa kuwaonea haya watu. Na kwenda kumzika sikuweza, maana karatasi zangu hazikuwa sawa. Ningetoka Marekani nisingerudi.

Basi jioni ile kwa Bi Peterson nilianzia chini, kwa mazoea. Nikasugua sinki kwa magadi, nikafuta jiko kwa siki. Nilikuwa nakamua kitambaa niliposikia...

Fyu. Fyu. Fyu.

Gazeti juu ya kioo. Huko juu.

Nikafunga bomba.

"Bi Peterson?"

Kikajibu kikohozi. Kikavu, mara mbili, kisha pumzi ndefu inayovutwa kwa shida. Nilikisikia kikohozi kile kwa miaka, garini, jikoni, kwenye simu. Mungu anisamehe, kabla ya kuogopa nilifurahi.

Kisha harufu ikashuka ngazi. Haikuwa siki. Ilikuwa ile ya jeneza.

"Mwatumu..."

Sauti ya kunong'ona. Sote tumelelewa kwa onyo moja: ukisikia jina lako na mwitaji humwoni, usiitikie. Nalijua onyo hilo tangu sijaanza shule. Lakini mdomo wangu ulikuwa umemkosa Ghati kuliko nilivyojua.

"Abee," nikaitikia.

"Njoo juu, shoga. Leo siwezi kushuka."

Nilipanda. Nikapapasa ukuta mpaka juu. Mlango wa bafu ulikuwa wazi kidogo, taa imezimwa, mwanga wa mwisho wa jua umebaki dirishani. Kioo kilikuwa kimefutwa kikang'aa. Sakafuni, gazeti lililolowa.

Na ndani ya beseni la kuogea, magoti yakiwa kifuani, alikuwa ameketi Ghati.

Alivaa gauni la bluu alilozikwa nalo. Uso ulikuwa bado na ile poda nene waliyompaka, rangi isiyokuwa yake. Midomo haikufunguka alipozungumza.

"Nimejaribu kujisafisha mwenyewe. Hii smell haitoki."

"Ghati..."

"Wameni-pump madawa, Mwatumu. Niko kule kwetu, kwenye udongo wa shamba la baba, na udongo haunipokei. Hata wadudu wananikimbia."

"Inauma?"

"Inachoma. Kifua bado kinabana. Nilidhani mtu akishakufa kifua kinaachia."

Nililia hapo mlangoni, kilio ambacho sikukilia hata siku ya msiba. Ghati akaningoja nimalize. Kisha akanyoosha mkono wa kulia.

"Si unajua kuosha? Nioshe."

Nikajaza ndoo maji ya vuguvugu, nikakamulia malimao, nikatia magadi kidogo. Nikapiga magoti. Nikaanza upande wa kulia, kama bibi alivyonifundisha. Ngozi yake ilikuwa baridi, ngumu, mfano wa nyama iliyotoka kwenye friji. Kitambaa kilipopita, maji yalitiririka ya manjano, na harufu ikapungua. Nikasikia anavuta pumzi. Ndefu. Haikukwama popote.

"Aah... inaachia."

Nilifurahi. Nikasuuza kitambaa, nikageuka kuendelea.

Mkono wa kulia haukuwepo.

Palikuwa na weupe wa beseni tu, safi. Nikashtuka, nikagusa. Hewa.

"Usiogope," akanong'ona. "Endelea."

Nikaosha miguu, ikaondoka. Nikaosha mgongo, kifua na tumbo. Kila lilipopita limao, Ghati alipumua vizuri zaidi na mimi nilibaki na Ghati mdogo zaidi. Nikaanza kuchelewesha. Nikasuuza kitambaa mahali ambapo hakikuhitaji kusuuzwa.

"Nikikumaliza itakuwaje?"

"Nitakuwa nimefika."

"Na mimi?"

Akanielekezea uso. Nikamfuta poda usoni, na chini yake nikauona uso wake wenyewe, ule mweusi mzuri wenye kovu dogo kwenye nyusi. Macho yakanitazama. Safari hii midomo ilifunguka.

"Umechelewa tena, wewe mwanamke," akasema, akacheka kidogo, na uso ukaondoka.

Ukabaki mkono wa kushoto. Umeshika ukingo wa beseni, vidole vimebabuka kwa jiki za miaka ile ya hoteli. Nikauweka kiganjani mwangu. Ulikuwa umebaki mpapaso mmoja tu wa kitambaa. Nilijua hivyo, na Ghati alijua kwamba najua.

Nikaweka kitambaa chini.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Viatu vikapanda ngazi kwa haraka, taa ikawashwa. Bi Peterson alikuwa ameziba pua kwa skafu.

"Umetumia nini humu?" akauliza kwa Kiingereza chake cha ukali. "Nyumba yote inanuka hospitali! Nilikuambia mwanangu ana pumu. Nilikuajiri kwa sababu hamtumii kemikali."

Nikatazama beseni. Lilikuwa kavu kabisa. Mikono ya sweta yangu ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko. Nikakusanya ndoo na matambara yangu, nikatoka, ngumi ya kulia nimeifunga ndani ya mfuko wa koti, vidole baridi vya Ghati vimo ndani yake. Akanifukuza kazi, na sikubishana naye. Ningemwambia nini?

Jumapili iliyofuata nilinunua kadi ya simu, nikampigia mama yake Ghati huko Tarime. Humpigia mara kwa mara, ananiita mwanangu.

"Mwanangu Mwatumu," akasema, "nimemwota Ghati."

"Amekuwaje, mama?"

"Ametulia. Anapumua vizuri, amenenepa hata. Amesimama mlangoni pangu. Lakini mkono mmoja ameuacha nyuma, nje ya mlango, haumfuati. Nikamwambia ingia ndani, mwanangu, ukae. Ananiambia hawezi, kuna mtu amemshika."

Nikaisogeza simu mbali na mdomo.

"Mwanangu, wewe ulikuwa naye huko. Nani amemshika binti yangu?"

"Sijui, mama," nikasema.

Akaanza kulia. Nililia naye mpaka kadi ikaisha.

Sasa kila jioni nikitoka kazini nafunga mlango wa chumba changu, nakata limao, naloweka kitambaa, nakikamua. Harufu ya dawa haiondoki nyumbani hata nifungue madirisha yote. Nasikia kikohozi, siku nyingine jikoni, siku nyingine nyuma yangu kabisa. Nauweka mkono wake juu ya taulo, nao umelala hapo, baridi, unangoja.

"Kesho, Ghati," namwambia. "Kesho nitakumalizia. Wallahi kesho."

Ninaposema hivyo, vidole vyake vinaanza kunyooka polepole, kimoja kimoja, vinajitoa kwangu.

Ni mimi ninayevishika.