Sakafu ya Ami Jabir

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msijichoshe kumtafuta. Jina langu Suhail, kwetu ni Wete, na wakati huo nilikuwa darasa la saba nikijiona profesa.

Msimu wa karafuu nyumbani kwetu hauna mtu wa kukaa bure. Nikirudi madrasa, kabla sijanywa chai, kazi yangu ni kutandaza majamvi uani na kuanika karafuu tulizochambua jioni. Bibi yangu, Bi Mwatum, hukaa barazani akinisimamia. Alikuwa mkunga wa serikali miaka mingi; nusu ya mtaa imezaliwa mikononi mwake, ndiyo maana haoni haya kumfokea mtu yeyote. Mwaka huo alistaafu, akalipwa kiinua mgongo chake. Jicho lake la kushoto nalo lilikuwa limeingia ukungu. Daktari alimwambia litahitaji upasuaji, ila siku ilikuwa bado haijapangwa.

Harufu ya kiinua mgongo huenda mbali kuliko ya karafuu. Ami Jabir, mtoto wa kaka yake bibi, ambaye zamani tulimwona Idi hadi Idi, sasa akawa haondoki barazani. Yeye na wenzake walikuwa wanajenga kiwanda cha barafu kwa ajili ya wavuvi, na walitaka wabia.

"Shangazi, tia zote," alisema. "Hii si kampuni ya kwenye soko la hisa, ambako kila mpita njia ananunua na kuuza. Hii ni yetu wenyewe kwa wenyewe. Faida yake benki hawaijui."

"Na nikizitaka pesa zangu?"

"Zinakaa kwanza, shangazi. Kama miaka saba hivi."

"Nikitaka kuuza hizo hisa?"

"Utauza, wabia wakiridhia. Na mnunuzi akipatikana."

"Akipatikana! Na jicho langu nalo lisubiri mpaka apatikane?"

Hapo mimi, ambaye sikuulizwa, nikadakia: "Bibi, acha woga wa kizamani! Dunia imekwenda mbele, wewe bado umekalia jamvi."

Bibi alinigeuzia jicho lake zima. Lilitosha. "Wewe nyamaza kabla sijakunyamazisha," akasema. Kisha akamwambia ami kwa sauti ya kuchoka, "Ijumaa nitakupa jibu."

Ami alipoondoka alinishika bega. "Wewe ndiye mwenye akili nyumba hii. Karafuu zenu zilete kwenye sakafu yangu. Saruji inashika moto, zitakauka upesi. Bibi yako akiziona, atajua nani anasema kweli." Sakafu hiyo ilikuwa nyuma ya nyumba yake, imezungushiwa waya mrefu, na lango lake lina kufuli kubwa kwa sababu ya wezi.

Alhamisi bibi alikwenda kliniki. Nikazipakia karafuu zote kwenye toroli, hizo ndizo zilizokuwa mavuno yetu ya msimu. Njiani nikakutana na Masuma, mwanafunzi mwenzangu, binti wa Mzee Hakimuddin mwenye duka.

"Zote hizo?" akauliza.

"Zote. Wenye akili hawabakishi."

"Na ufunguo unao?"

"Wa nini? Ami anao."

"Haya, profesa. Mvua ikija ipigie simu, iambie isubiri."

Nilimwambia akapime sukari dukani kwao, ndicho anachokijua.

Ami alifungua lango, nikatandaza karafuu, nikaenda zangu nyumbani kunywa chai. Nyuma yangu akapigiwa simu kwamba kuna msiba Kengeja. Akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kuzika.

Mvua ya kwetu haipigi hodi. Wingu lilipotanda nilikimbia hadi pumzi zikakatika, nikalikuta kufuli linanitazama. Majirani wa pembeni walikuwa wanashika pembe za majamvi, wanakunja, wanaingiza ndani. Matone yaliponenepa, kwao hakukuwa na punje nje. Masuma alikuja mbio na turubali na simu ya baba yake. Tukampigia ami, simu iliita tu. Watu walikuwa makaburini. Nikajaribu kuparamia waya, ukabaki na kipande cha suruali yangu. Turubali tulilirusha, likanasa juu. Basi tukasimama pale, tunazitazama karafuu zinaelea kuelekea mferejini. Masuma hakunicheka. Alinicheka kesho yake, na hajaacha mpaka leo.

Bibi aliponikuta na uso wangu ulioloa, alinitukana mpaka kuku wakahama uani. Ami alirudi jioni. Badala ya pole, akaja na kiburi.

"Mvua ni kudra ya Mungu, shangazi. Usinitupie mimi."

"Mvua ni ya Mungu," bibi akajibu. "Kufuli ni la nani?"

Ami akahamaki. "Haya, tuyaache. Jibu la pesa liko wapi?"

"Nakupa leo, Ijumaa mbali. Za jicho na za kula zinakaa benki, nizichukue siku nitakayotaka. Nyingine nanunua hatifungani za serikali zisizo na riba. Kwako natia fungu dogo, lile ambalo hata likifungiwa miaka saba sitolala njaa wala sitokuwa kipofu."

"Fungu dogo!" Ami alipiga kelele hadi watu wakachungulia madirishani. "Unanidharau mbele ya watoto! Kwa mvua ya siku moja? Sakafu yangu inakausha kuliko majamvi yenu yote, na hisa zangu zitazaa kuliko benki zote za Wete! Bisha!"

Bibi hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, akanipa jamvi lililokuwa miguuni pake nimshikie.

"Sibishi, Jabir. Inakausha. Na wewe Suhail, sikiliza, maana somo hili umelilipia. Mvua ikija, jamvi nalikunja mwenyewe. Sakafu ya ami yako nitaikunja vipi?"