Nakupenda Isiyojua Kukoma

— Nani huyu anayemwandikia hivi mume wa mtu?

Mama Pacha alijiuliza kwa sauti, tepu ya ushonaji ikining'inia shingoni. Kwenye kioo cheusi cha laptopu ya mumewe maneno meupe yalitiririka bila kupumua: NAKUPENDA, NAKUPENDA, NAKUPENDA...

Bafuni, mumewe alikuwa akijimwagia maji huku akiimba pambio. Ni fundi wa kuchomelea, mtaa mzima unamwita Cheche. Tangu aanze kozi ya jioni ya kompyuta, maongezi yake na mkewe yamekuwa ya kuibia muda.

Simu ya Cheche ikatoa mlio wa ujumbe. "Imekubali? Ukikwama nipigie. Mwalimu."

Mama Pacha akavuta begi la nguo kutoka uvunguni, kisha akaipiga namba hiyo.

— Mwalimu gani wewe, unafundisha waume za watu nakupenda?

— Shikamoo, mama, sauti nyororo ya kike ikajibu.

— Shikamoo yako kaa nayo! Nabeba wanangu naondoka, uje umpikie!

— Mama, subiri! Hayo kaandika baba mwenyewe. Ni programu yake ya kwanza. Huwa nawaambia wanaoanza: usinakili yangu, anza na kitu kidogo, na uchague neno usilochoka kulisoma, maana utakosea mara nyingi. Wenzake wote waliandika majina yao.

Begi likamponyoka.

Cheche akatokea, povu bado masikioni. Akaona begi, akaona simu mkononi mwa mkewe.

— Mama Pacha, unaenda wapi?

— Hayo maneno... umeyaandika yote wewe?

— Mistari mitatu tu. Hiyo hapo. Mengine kompyuta inaandika yenyewe.

Mama Pacha akasogea, akagusa kioo kwa ncha ya kidole, kama anayegusa utosi wa mtoto mchanga.

— Mungu wangu! Mitatu tu? Ukisema, inatenda?

— Inatenda ulichosema, siyo ulichokusudia. Ndiyo maana nasali kabla sijaigusa. Nikikosea inanionyesha mstari, nausoma polepole, narekebisha.

— Na mimi nilidhani umenichoka.

— Nikuchoke wewe? Neno la kwanza kunijia ni hilo, na ni lako.

Machozi yakamlenga Mama Pacha. Maneno bado yalikuwa yanashuka.

— Mbona hainyamazi?

Cheche akajikuna kichwa kwa aibu.

— Hapo nimekosea. Nilisahau kuiambia iishie wapi. Ngoja niirekebishe.

Mama Pacha akamshika mkono.

— Iache, baba. Hapo hujakosea.