Baba Aliitikia Kila Swali

Dada yangu ni jaji. Watu wakimwona na joho lake hudhani alizaliwa nalo. Wapi! Tulihamia nchi hii na masanduku mawili, lugha ya watu hatujui hata salamu.

Baba alikuwa mwashi. Alirudi jioni nywele zimejaa saruji. Dada alikuwa mbishi, basi baba akamwita Wakili.

"Wakili, leo umemshitaki nani?"

"Wewe, baba. Umekanyaga sakafu niliyopiga deki sasa hivi!"

Siku moja ikaja barua ya mahakama. Baba alishitakiwa kwa kufanya kazi bila kibali. Uongo mtupu! Kibali alikuwa nacho. Mama alikitia kwenye mkoba, tukaenda sote.

Jaji aliuliza kwa lugha yake. Baba aliinamisha kichwa, akaitikia, "Ndiyo, mheshimiwa." Akaulizwa tena. "Ndiyo, mheshimiwa." Kwetu mkubwa akisema, unaitikia. Kumwambia mbele za watu kwamba humwelewi ni kumvunjia heshima. Dada, wakati ule ana miaka kumi na sita, alikuwa ameanza kuielewa lugha. Akasimama. Mama akamvuta gauni.

"Kaa chini! Adabu iko wapi?"

Dada akakaa. Kesi ikaisha upesi, baba akaamriwa kuondoka nchini. Kibali kilikuwa mkobani mwa mama, hatua nne tu kutoka aliposimama baba.

Nje, karani mmoja aliyejua lugha yetu aliona kibali mkononi mwa mama, akashika kichwa.

"Mama, mbona hamkuomba mkalimani?"

"Mkalimani ndiye nani?"

"Mtu wa kumfasiria mzee kila neno. Mahakama yenyewe ingemleta. Mzee angesema tu, 'Sielewi, naomba mkalimani.' Na hicho kibali mngekitoa!"

"Tulingoja tuulizwe," mama akasema, machozi yakimtoka.

Karani alituelekeza jinsi ya kukata rufaa. Baba aliondoshwa wiki ileile. Rufaa ilikwenda polepole, na kabla haijasikilizwa baba akafa huko kwetu kwa ugonjwa wa kifua. Hatukumzika. Miezi miwili baadaye tukaambiwa tumeshinda. Tumeshinda nini, jamani?

Dada hakubishana tena na mtu nyumbani. Mchana alifagia ofisi, jioni alisoma sheria. Akawa wakili wa wahamiaji kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa akimwambia kila mteja, "Usiitikie usichokielewa. Heshima si kunyamaza." Kisha akateuliwa kuwa jaji.

Juzi aliletwa mbele yake dereva mmoja mzee, mgeni. Swali la kwanza, "Ndiyo." La pili, "Ndiyo." Dada akaweka kalamu chini.

"Mzee, umenielewa?"

"Ndiyo."

"Haya, niambie nimekuuliza nini."

"Ndiyo," mzee akaitikia tena. Dada akasimamisha kesi mpaka mkalimani alipofika. Kumbe mzee alikuwa na karatasi zake zote za kibali, amezikunja mfukoni! Kesi ikafutwa. Akatoka ameshikana mkono na mkewe.

Jioni dada alikuja kwangu. Alikaa jikoni bila kuvua viatu.

"Leo baba wa watu amerudi nyumbani kwake," akasema.

"Umefanya vizuri, dada."

"Wetu je?"

Nikamshika, tukalia.